Roketi yenye watu inapoondoka, amri iko mikononi mwa nani?

Mwalimu mmoja wa fizikia wa Tabora ameniandikia: "Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wametazama video ya Apollo 11 ikiondoka. Roketi inarushwa Florida, lakini haijafika hata mawinguni, tayari inasemekana Houston ndio wanaoongoza. Wameniuliza: kwa nini watu wakabidhiane usukani katika sekunde zile za hatari, badala ya kungoja chombo kitulie huko juu? Na hitilafu ikitokea katikati ya kupokezana, amri ni ya nani? Wanaanga wenyewe wana usemi gani?"

Mwalimu, nianze na jambo linalowapoteza wengi. Hakuna mtu yeyote, wa Florida kwenye jukwaa wala wa Houston, Texas, kwenye kituo cha kuongozea safari, aliyekuwa ameshika usukani wa roketi ile. Roketi hiyo, Saturn V, ilijiendesha yenyewe. Juu ya hatua yake ya tatu palifungwa pete ya vifaa iliyotengenezwa na IBM, ndani yake mna kompyuta na vipima mwendo, na pete hiyo ndiyo iliyokuwa ikizielekeza injini huku au kule. Hata kuziwasha hakukutegemea kidole cha mtu. Dakika 3 na sekunde 7 kabla ya kuondoka, mtambo wa ardhini ulianza kufuata orodha yake yenyewe: kujaza shinikizo matangini, kuhamishia umeme kwenye betri za roketi, na sekunde 8.9 kabla ya sifuri, kuanza kuwasha injini. Watu wapatao 450 waliokuwa katika chumba cha urushaji walibaki na kazi moja: kutazama vioo vyao, na kuwa tayari kusema simama.

Vyombo vya shuttle, vile vya Marekani vilivyorudi duniani na kutua kama ndege, vilifuata mtindo huohuo kwa namna iliyo wazi zaidi. Sekunde 31 kabla ya kuondoka, kompyuta ya ardhini ilizikabidhi kompyuta za chomboni mfuatano wa mwisho. Kuanzia hapo ni chombo chenyewe kilichoamua kama injini zake tatu zimewaka sawasawa, na kama hazikuwaka sawasawa, kilizizima bila kumwuliza mtu. Ilitokea mara tano katika historia ya shuttle. Ya kwanza ilikuwa tarehe 26 Juni 1984, katika safari ya Discovery iliyoitwa STS-41-D. Injini zilizimwa chombo kikiwa bado kimefungwa jukwaani, na hidrojeni iliyobaki ikawaka moto chini yake, moto ambao kwa macho hauonekani. Wanaanga waliambiwa wabaki vitini, na ikaja kudhihirika kwamba wangetoka mbio wangeweza kupita katikati ya moto huo.

Basi kama hakuna usukani, kinachokabidhiwa ni nini? Ni haki ya kusema "acha". Kukatisha safari yenye watu ni uamuzi mzito kupita yote katika dakika zile, na lazima ijulikane waziwazi ni nani mwenye ruhusa ya kuutoa, kwa sababu wakiwa wawili wenye ruhusa sawa kwa jambo moja, ama kila mmoja atamngoja mwenzake, ama watatoa amri zinazogongana. Pamoja na haki hiyo huenda vitu vingine, kama vile nani anazungumza na wanaanga kwenye redio na nani anatangaza hali kwa umma, lakini kiini ni hicho.

Sasa, kwa nini pale mnara unapopitwa? Itazame roketi jinsi ilivyokaa. Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110 na kitu, na kando yake ulisimama mnara wenye mikono tisa iliyobeba mabomba na nyaya. Mikono minne iliondolewa mapema. Mitano iliyobaki ilirudishwa roketi ikiwa tayari inaanza kupanda. Roketi yenyewe, mara tu ilipoachiwa, ilijiinamisha kidogo kwa makusudi kuukwepa mnara. Kwa takriban sekunde 12, basi, maswali yote ya hatari yalikuwa ya ardhini: mkono umekwama? upepo unaisukuma? bomba limechomoka? Wanaojua majibu ya maswali hayo ni waliolijenga jukwaa, walioijaza roketi mafuta usiku kucha, wanaoijua kila vali kwa jina. Houston, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, haiwezi kuwa na lolote la kusema kuhusu mkono uliokwama.

Roketi ikishapita ncha ya mnara, hali inageuka ghafla. Mtu wa Florida hana tena bomba la kufunga wala mkono wa kurudisha. Kila kitu alichokuwa akikidhibiti kimebaki chini, kinafuka moshi. Maswali yanayofuata ni ya aina nyingine kabisa: inaelekea wapi, kasi imefika ngapi, injini moja ikifa je, tutafika obiti au tutaangukia Atlantiki, na kama ni Atlantiki, karibu na meli gani? Hayo ndiyo ambayo timu ya Houston imeyafanyia mazoezi kwa miezi. Kungoja chombo kitulie juu, kama wanafunzi wako wanavyopendekeza, kungewaacha mafundi wa jukwaani wakiongoza dakika zaidi ya kumi na moja za safari wasiyoijua. Hatari ya kupokezana ni ndogo kuliko hatari ya kumwachia kazi asiyehusika nayo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika mradi wa Mercury, ule wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, mambo yote yalikuwa Cape Canaveral, Florida. Warushaji walijificha ndani ya jengo nene la zege karibu na jukwaa, na kilomita chache kutoka hapo, katika jengo jingine, alikaa mkurugenzi wa safari, Chris Kraft, na watu wake. Uamuzi wa kujenga kituo Houston ulitangazwa Septemba 1961, na wengi husema ilikuwa siasa tu, kwa kuwa Makamu wa Rais Lyndon Johnson alikuwa mtu wa Texas. Siasa ilikuwamo, sikatai. Lakini safari zilikuwa zinarefuka pia. Gemini 3 ya Machi 1965, ya mradi uliofuata Mercury, ilimalizika kwa mizunguko mitatu na iliongozwa kutoka Cape. Gemini 4, iliyoondoka tarehe 3 Juni mwaka huohuo, ilikuwa ya siku nne, na ndiyo ya kwanza kuongozwa na Houston. Safari ya siku nne inahitaji timu za zamu, usiku na mchana, na huwezi kuwategemea kwa kazi hiyo watu ambao wameshakesha wakirusha roketi.

Kuna kipande cha historia hii kinachotuhusu huku kwetu, na sijaona kikisimuliwa mara nyingi madarasani. Wakati wa Mercury hapakuwa na satelaiti za kupitishia mawasiliano, kwa hiyo Wamarekani walizungushia dunia vituo vya redio. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria, na kilichofuata mashariki kilikuwa Unguja, huko Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alipopita juu ya Afrika Mashariki alizungumza na Zanzibar. Lakini kituo cha Tunguu hakikuwa na mtambo wa kutuma amri chomboni. Kilisikiliza vipimo, kikasema na mwanaanga, kikapeleka habari Cape. Mamlaka hayakufika Unguja hata kwa sekunde moja. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Linganisha na kituo cha kisiwa cha Bermuda, katika Atlantiki. Injini ya Atlas, roketi iliyomrusha Glenn, ilizimwa takriban dakika tano baada ya kuondoka, na wakati huo chombo kilikuwa mbali mno mashariki ya Cape, kikikaribia kuzama chini ya upeo wa macho. Ulibaki muda usiozidi nusu dakika hivi wa kuamua: kasi inatosha kuzunguka dunia, au tukiwashie roketi za kukirudisha kingali juu ya Atlantiki? Ndiyo maana Bermuda ilipewa rada, kompyuta, waongozaji wake wenyewe na uwezo wa kutuma amri. Mawasiliano na Cape yangekatika, Bermuda ingeamua. Mnaona tofauti: vituo viwili vya mtandao mmoja, kimoja kina sauti tu, kingine kina sauti na mkono. Mamlaka hugawiwa kwa kufuata mahali uamuzi utakapoangukia.

Nije kwenye swali la pili, ambalo ndilo gumu. Hitilafu ikitokea pale kwenye mshono wenyewe?

Mfano wa kwanza haukuwa na mtu ndani, ila ulikuwa roketi na kapsuli ileile iliyokusudiwa kubeba watu. Tarehe 21 Novemba 1960, Mercury-Redstone 1 iliwashwa Cape Canaveral. Iliinuka sentimita 10, ikazima, ikarudi kukaa palepale ilipotoka. Roketi ile ilikuwa na plagi mbili chini yake zilizopaswa kuchomoka kwa mpangilio maalumu. Siku hiyo zilichomoka kinyume, kwa tofauti ya milisekunde 29, na umeme uliokosa njia ukaamsha swichi ya kuzima injini. Kapsuli ilipoona injini imezimwa ikadhani safari ya kupanda imekamilika kama ilivyopangwa. Ikafyatua mnara wake wa uokozi, yaani roketi ndogo iliyofungwa juu yake ya kuinyakua wakati wa hatari, ukaruka juu peke yake. Baada ya hapo ikatoa parachuti, moja baada ya nyingine, zikaning'inia ubavuni mwa roketi iliyojaa mafuta.

Hapo amri ni ya nani? Kwa vipimo vya kapsuli, safari imeshakwenda. Kwa macho ya mtu yeyote aliyesimama pale, roketi iko jukwaani. Nyaya zilizounganisha jengo la zege na roketi zimeshachomoka, kwa hiyo warushaji hawawezi tena kufungua vali wala kupunguza shinikizo. Upepo ukizijaza parachuti, roketi inaangushwa. Yalitolewa mapendekezo ya ajabuajabu, likiwamo la kuyapiga matangi kwa bunduki ili shinikizo litoke. Mwishowe waliamua kutofanya chochote: waliacha betri ziishe na oksijeni ya kimiminika ichemke na kupotea hewani, na kesho yake wakaenda. Kwa maoni yangu ule ndio uamuzi bora uliofanywa mwaka ule, na Kraft aliubeba kama kanuni kwa wanafunzi wake: usipojua ufanye nini, usifanye kitu.

Miaka mitano baadaye mtego uleule ulirudi, safari hii na watu wawili ndani. Gemini 6A, tarehe 12 Desemba 1965, Wally Schirra na Tom Stafford. Injini ziliwaka, na baada ya sekunde moja na kitu zikazima. Plagi ya chini ilikuwa imechomoka mapema, ikaiambia saa ya chomboni kwamba roketi imeondoka, na saa ikaanza kuhesabu. Kanuni iliyoandikwa ilikuwa wazi: saa imeanza, injini zimezima, maana yake roketi iko hewani na inaanguka, vuta mpini, viti viwarushe nje. Schirra alikuwa ameushika mpini huo. Hakuuvuta. Mwili wake haukusikia mtikisiko wa kuondoka, akauamini mgongo wake kuliko saa. Alikuwa sahihi, roketi haikuwa imesogea. Angevuta, chombo kingeharibika na safari ya kukutana na Gemini 7 ingepotea, achilia mbali swali la kuwafyatulia roketi za viti watu waliokaa kwa saa nzima katika kabini ya oksijeni tupu. Siku tatu baadaye waliondoka salama, na wakakutana na Gemini 7 angani.

Utaona, Mwalimu, kwamba katika visa vyote viwili kilichokosewa ni ishara ya kuondoka. Ndiyo maana katika Apollo hawakutosheka na plagi wala saa. Makabidhiano yalingoja mtu aone kwa macho kwamba mnara umepitwa na aseme hivyo kwenye redio. Wanaokejeli mtindo huo wa kizamani hawajakutana na plagi iliyochomoka mapema.

Kisa cha tatu ndicho ninachowasimulia watu nikitaka waelewe uzito wa jambo hili. Baikonur, kituo cha urushaji cha Wasovieti, usiku wa tarehe 26 Septemba 1983. Vladimir Titov na Gennady Strekalov wako juu ya roketi ya Soyuz. Zikiwa zimebaki kama sekunde 90, vali moja katika mfumo wa mafuta haikufunga. Moto ukashika chini ya roketi. Wanaanga hawakuweza kuuona, kwa kuwa madirisha yao yamefunikwa na ganda la nje. Walihisi mitikisiko tu, wakadhani ni upepo. Mfumo wa kuokoa ulikuwapo juu yao, roketi ndogo ya kuwanyakua, lakini moto ulikuwa umeunguza nyaya ambazo zingeuamsha wenyewe. Na ndani ya chombo hapakuwa na kitufe. Kwa mpangilio wa Wasovieti, mwanaanga hakuwa na haki ya kujiokoa kwa amri yake mwenyewe akiwa jukwaani.

Haki hiyo ilikuwa ya watu wawili wa ardhini, katika vyumba tofauti, na kila mmoja alipaswa kubonyeza kitufe chake ndani ya sekunde 5 za mwenzake. Mmoja peke yake ni bure. Mpangilio huo uliwekwa kwa sababu ya busara, kwamba kidole kimoja kilichoteleza kisije kikawafyatua watu kutoka kwenye roketi nzima. Lakini usiku ule kila sekunde ya makubaliano ilikuwa sekunde ya moto. Viongozi wa urushaji waliona miali, wakatoa neno la siri lililopangwa, vitufe viwili vikabonyezwa, kapsuli ikanyakuliwa kwa mchapuko wa kati ya g 14 na 17, yaani mara 14 hadi 17 ya mvutano wa dunia. Sekunde chache tu baadaye roketi ililipuka. Titov na Strekalov walitua kilomita kama 4 kutoka pale, wazima, na jukwaa liliwaka saa nyingi nyuma yao.

Sisemi mpangilio ule ulikuwa mbaya, kwani uliokoa watu wawili. Nasema ulionyesha gharama ya kugawa haki moja mara mbili. Siku hizi kwenye Crew Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, mfumo wa kuokoa huwekwa tayari kabla hata mafuta hayajaanza kujazwa, kompyuta inaweza kuuamsha peke yake, na wanaanga wana mpini wao.

Kuna mkono wa tatu ambao watazamaji wengi hawaujui, na haupokezani na mtu. Florida ina afisa wa usalama wa eneo la urushaji, wa jeshi la Marekani, ambaye hayuko chini ya mkurugenzi wa urushaji wala wa safari. Kazi yake ni kuwalinda watu wa mijini na baharini. Roketi ikipotoka na kuelekea mahali pasipofaa, yeye huilipua, hata kama ina watu, akiwa amewapa nafasi ya kunyakuliwa kwanza. Tarehe 25 Aprili 1961 Atlas iliyobeba kapsuli tupu ya Mercury ilipanda wima bila kugeukia baharini, na takriban sekunde 40 baada ya kuondoka afisa huyo aliilipua. Kapsuli iliokolewa na mnara wake, ikatumika tena katika safari iliyofuata. Na katika ajali ya Challenger ya tarehe 28 Januari 1986, baada ya chombo kuvunjika sekunde ya 73, ni afisa huyo aliyetuma amri ya kuzilipua roketi mbili za pembeni zilizokuwa bado zinazurura angani, kwenye sekunde ya 110. Houston ilikuwa na mamlaka ya safari, lakini amri hiyo haikuwa yake. Tangu 2017 roketi za Falcon 9 za SpaceX zinazoondoka Florida hubeba kompyuta inayofanya kazi hiyo yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia "Houston ndio wanaoongoza", mwulize: wanaongoza nini? Kwa Apollo, hadi mnara upitwe, Florida iliweza kuwasha taa ya kuacha safari mbele ya kamanda. Baada ya mnara, taa hiyo iliwashwa na Houston. Lakini taa ilikuwa ombi. Mkono uliokatisha safari ulikuwa wa kamanda, aliyeshika mpini upande wa kushoto, na kanuni ilimtaka awe na dalili mbili zisizotegemeana, kwa mfano taa pamoja na sauti ya redio, kabla ya kuuzungusha. Pembeni ya hayo, mfumo wa roketi wenyewe uliweza kukatisha safari bila kumwuliza mtu, injini mbili zikifa au roketi ikianza kupinduka kwa kasi. Na hata hapo palikuwa na mpaka: katika sekunde 30 za mwanzo, kukatisha safari hakukuruhusiwa kuzima injini, ili roketi yenye mafuta tele isirudi kuliangukia jukwaa.

Mfumo huo ulipimwa kwelikweli tarehe 14 Novemba 1969. Apollo 12 iliondoka kwenye mvua. Mnara ukapitwa, Houston ikashika zamu, na sekunde ya 36 radi ikapiga. Sekunde ya 52 ikapiga tena. Seli za umeme zote tatu zikajitoa kwenye mtandao, taa za hatari zikawaka dashibodi nzima, na vipimo vilivyofika Houston vikawa tarakimu zisizo na maana. Pete Conrad, kamanda, ameshika mpini. Gerry Griffin, mkurugenzi wa safari, hajawahi kuongoza urushaji kabla ya siku hiyo. Sasa sikiliza lililowaokoa. John Aaron, kijana wa miaka 26 aliyeangalia umeme wa chombo, alizitambua tarakimu zile. Alikuwa ameziona muda mrefu nyuma, usiku mmoja akiwa Houston anafuatilia jaribio lililokuwa likifanywa Florida, jaribio ambalo halikuwa lake kuongoza. Kwa udadisi alitafuta maelezo ya ile hali. Siku ya radi akaomba swichi moja isiyojulikana na watu iwekwe upande wa akiba. Griffin hakuijua, Conrad hakuijua, Alan Bean aliyeketi kulia aliijua, akaibonyeza. Vipimo vikarudi, na safari ikafika mwezini. Saturn V yenyewe haikuwa imetetereka: kompyuta ya ile pete ya IBM iliendelea kuongoza kana kwamba hakuna radi.

Ningependa wanafunzi wako wakione hicho kisa vizuri, kwa sababu kinajibu hofu yao ya kwanza. Makabidhiano ya ghafla yanawezekana kwa kuwa si ya ghafla. Houston hukaa ikitazama vipimo vilevile kwa saa nyingi kabla ya sekunde ya 12, kila mtu kwenye kiti chake, akisikia kila neno la Florida. Kinachobadilika ni nani anayeruhusiwa kusema.

Usemi wa wanaanga umetofautiana kwa nchi na kwa wakati. Yuri Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961, uendeshaji wa mkono wa chombo chake, Vostok, ulikuwa umefungwa kwa namba za siri, kwa kuwa madaktari walihofu kwamba kutokuwa na uzito kungemvuruga akili. Namba zilikuwa 1, 2, 5, zimewekwa ndani ya bahasha chomboni, na zaidi ya mtu mmoja alimnong'oneza kabla hajapanda. Shuttle ilikuwa upande wa pili: tarehe 29 Julai 1985, katika safari ya STS-51-F, injini ya katikati ilizima dakika 5 na sekunde 45 hivi baada ya kuondoka. Houston iliamua waende kwenye obiti ya chini zaidi, na kamanda Gordon Fullerton ndiye aliyezungusha kitufe. Muda mfupi baadaye kipimo cha injini ya pili kikaanza kuonyesha joto la uongo, kama kilivyofanya cha kwanza, na Jenny Howard, mhandisi wa injini pale Houston, akaagiza wanaanga wazuie kompyuta isiizime. Asingewahi, wangepoteza injini ya pili. Hapo binadamu wa ardhini alimnyang'anya kompyuta haki ya kusema "acha", kupitia mkono wa mtu aliye angani.

Na mnara si sheria ya dunia nzima. Warusi huiacha Baikonur iendelee kuisimamia roketi mpaka Soyuz iachane na hatua ya tatu, karibu dakika 9 baada ya kuondoka, ndipo kituo cha Korolyov karibu na Moscow kinapokipokea chombo. Wao wanahesabu kwamba roketi yote ni ya warushaji, na chombo ndicho cha waongozaji wa safari. SpaceX walipowarusha Doug Hurley na Bob Behnken tarehe 30 Mei 2020, chombo kiliongozwa kutoka Hawthorne, California, na Houston ikabaki na mamlaka juu ya kituo cha anga ambacho chombo kilikuwa kinakiendea.

Ukiwachezea tena video ya Apollo 11, waambie wasitazame moto, wasikilize. Anayehesabu mpaka sifuri ni Jack King, msemaji wa Florida. Yeye ndiye anayetangaza kwamba mnara umepitwa. Karibu wakati huohuo Neil Armstrong anaripoti kuwa roketi imeanza kujizungusha kuelekea njia yake, na anayemjibu ni Bruce McCandless, aliyeko Houston.